Duka ni la nani? Majibu kwa wanandoa wanaofanya biashara pamoja

Nafungua duka alfajiri, nafunga saa tatu usiku. Jioni mume wangu anakuja, anafungua droo, anabeba mauzo. Leseni ina jina lake. Nikiuliza naambiwa mimi "namsaidia" tu. Nina haki yoyote? (Mama wa duka, Morogoro)

Unayo, ila itabidi uionyeshe. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinahesabu mali yenye jina la mmoja kuwa ni yake, mpaka uletwe ushahidi wa kinyume. Yenye majina ya wote wawili ni sawa kwa sawa. Basi tunza daftari la mauzo lenye mwandiko wako, risiti za mzigo ulioufuata Kariakoo na miamala ya simu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, sembuse kushinda kaunta.

Lakini hayo ni ya siku ya kuachana. Leo, mkiwa bado mnaelewana, sajilini jina la biashara kwa ubia BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Akikataa, utakuwa umeshajua anavyokuhesabu. Na droo iwe na utaratibu: kila mmoja ana posho yake, na kinachotoka kinaandikwa, hata akitoa mume.

Mke wangu ndiye mjuzi wa kupatana bei, mimi nashika hesabu. Kijiweni wanasema nimekaliwa. (Mbeya)

Hao wa kijiweni wanakulipia kodi ya fremu? Mwache apatane. Wewe usimkatishe tu mbele ya muuzaji ili uonekane bosi. Bei aliyoishusha itapanda palepale.

Tunarudi wote tumechoka, lakini anayeingia jikoni ni mimi. (Temeke)

Anayejua kupima kilo ya mchele dukani hashindwi kuupika. Kama hataki, dada wa kazi alipwe kutoka dukani, iandikwe kama matumizi ya nyumbani.

Anataka nyumba yetu iwe dhamana ya mkopo wa duka. Nisaini? (Dodoma)

Bila ridhaa yako nyumba ya ndoa haiwekwi rehani. Ni kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo. Usikimbilie kalamu. Muulize marejesho ya mwezi ni kiasi gani, na mwezi ule mbaya kabisa mnauza kiasi gani. Kama hilo la pili hana jibu, usisaini.