Namba ya mama kwenye jalada la mdogo wangu

Mwaka juzi mdogo wangu alikamatwa kwa tuhuma ya kununua simu ya wizi. Nilipofika kituoni, askari wa kaunta aliniomba namba ya mtu wake wa karibu, nami kwa kiherehere cha kutaka mambo yaishe nikamtajia ya mama. Aliiandika kwa kalamu nyekundu mbele ya jina la mtuhumiwa, bila kuongeza neno lolote. Shauri lilikwisha baada ya wiki mbili. Miezi saba baadaye, saa tano usiku, askari mwingine aliyekuwa akipitia jalada lile alimpigia mama, ambaye ana shinikizo la damu, akamtaka afike kituoni "na ile simu".

Sidhani kulikuwa na nia mbaya. Ilikuwa namba isiyosema ni ya nani. Kwa hiyo, unapokwenda kituoni kwa ajili ya ndugu yako, uliza kwanza unaandikwa kama nani, mtoa taarifa, shahidi au mdhamini, na uombe neno hilo liandikwe kando ya jina. Ikihitajika namba ya mawasiliano, toa ya kwako wewe uliyepo. Usidanganye, kwa kuwa kumpa askari taarifa za uongo ni kosa la jinai, lakini si utovu wa adabu kuuliza, "Afande, shule anayosoma mwanangu inahusianaje na shauri hili?" Nilipouliza hivyo, alicheka akaiacha.

Maelezo yasome yote kabla ya kutia saini. Kwenye yangu nilikuta nimeandikwa kwamba naishi na mtuhumiwa, ilhali tunakaa wilaya mbili tofauti. Sentensi hiyo ilikatwa, tukasaini pembeni yake, mimi na mpelelezi.

Kosa likishaingia, bado lina njia. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na familia yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatoa haki ya kuomba taarifa zisizo sahihi zirekebishwe. Upelelezi wa makosa una misamaha yake katika sheria hiyo, hivyo mimi sikuomba jalada lifutwe. Nilimwandikia mkuu wa kituo barua ya ukurasa mmoja yenye namba ya jalada, nikaomba tu iandikwe kwamba namba ile ni ya mzazi asiyetuhumiwa kwa lolote, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Simu za usiku zilikoma.

Lililonishinda ni la nyumbani. Siku ya dhamana, binamu yangu alipiga picha fomu, majina na namba zikionekana, akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili watu "watuombee". Nilipomtaka aifute, shangazi wa Tabora alikuwa ameshaituma kwa wanakwaya wenzake.