Kabla ya jeshi kulikuwa na kesi ya Coca-Cola
Kuna mdau anasema saikolojia ilianza kutumika nje ya maabara kwa ile mitihani ya akili ya jeshi la Marekani vita ya kwanza ya dunia, hapana mkuu, ilishaanza kitambo. Mwanasaikolojia Lightner Witmer alifungua kliniki ya saikolojia pale University of Pennsylvania 1896, watoto wenye shida ya kusoma wakawa wanapelekwa. Ila kisa kitamu ni cha Coca-Cola, serikali ya Marekani iliwashtaki eti kafeini ya kwenye soda yao inadhuru, kesi ikasikilizwa mji wa Chattanooga 1911, na kampuni haikuwa na utafiti wa maana kuhusu kafeini na akili ya mtu, ikamtafuta mwanasaikolojia Harry Hollingworth, kijana tu anafundisha chuo cha Barnard, New York, hela ya mawazo. Akakubali kwa masharti, matokeo atachapisha hata yakiwauma na jina lake lisitumike kwenye matangazo (safi sana hapo). Watu wakameza kapsuli bila kujua ipi ina kafeini, na hata wanaowapima hawajui, 1911 hiyo! Mkewe Leta ndo alisimamia majaribio yenyewe, na hela ile ikamsaidia kusoma Chuo Kikuu cha Columbia akawa mwanasaikolojia mkubwa tu.