Ukitaka kuipiga picha Lamu nzima, vuka uende Manda

Mji wa Lamu umeelekea mashariki, kwa hiyo ukivuka mkondo asubuhi na kusimama Manda, kisiwa kilicho ng'ambo, jua linakuwa mgongoni mwako na linamulika kuta za chokaa moja kwa moja. Nilivuka alfajiri kwa mashua ya kukodi, nikiwa na kamera ya megapikseli 24, lenzi ya milimita 300 na tripodi. Nilitaka picha moja inayoonyesha ukingo wote wa mji, ambayo mtu akiikuza ataona hadi punda na mzigo aliobeba. Safari ya kwanza nilirudi mikono mitupu. Ya pili niliipata.

Picha ya namna hii hupigwa vipande vipande. Ukitumia lenzi pana mara moja, zile pikseli milioni 24 zinagawanywa kati ya anga, maji na mji, na mtu aliyesimama gatini anabaki doa. Ukitumia lenzi ya kuvuta, kila kipande kidogo cha mji kinapata pikseli zake milioni 24, kisha programu ya kompyuta inavishona vipande vyote. Kwa kamera yangu yenye sensa ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, niliyoisimamisha wima, kila picha ilichukua nyuzi (digrii) 3 kwa upana na 4.5 kwa urefu. Theluthi moja niliiacha ipandane na picha ya jirani, kwa hiyo nilisogea nyuzi 2 kila hatua. Ukingo niliotaka ni nyuzi 90. Hiyo ni picha 45 kwa safu moja.

Mara ya kwanza nilipiga safu tatu: ya anga, ya mji na ya maji. Picha 135. Nilipozifungua nyumbani, programu ilishona safu ya kati tu na kuziacha picha 90 zikielea. Nilidhani kompyuta imechoka. Kumbe kosa lilikuwa langu. Programu inashona kwa kutafuta alama zinazofanana katika picha mbili jirani: pembe ya dirisha, ufa wa ukuta, ncha ya mlingoti uliotulia. Anga tupu halina alama. Maji yanazo tele, lakini hazikai; wimbi lililokuwa kwenye picha hii halimo kwenye ile inayofuata. Kinachounganisha picha ni kile kisichosogea, na tangu nilipolielewa hilo nimekuwa nikipanga kazi nzima kwa kujiuliza ni nini kitakachosogea.

Basi safari ya pili nilipiga safu mbili tu, na mji nikauweka mahali safu hizo zinapopandana. Kila picha, ya juu na ya chini, ilishika nyumba. Picha 90 zilitoa panorama ya pikseli 120,000 kwa 10,000 hivi, yaani takriban gigapikseli 1.2 (pikseli bilioni 1.2), na hakuna hata moja iliyokataa kushonwa.

Kingine kilichosogea ni tripodi yenyewe. Nilikuwa nimeitega kwenye mchanga wenye unyevu, na miguu ikawa inazama polepole bila mimi kuona. Mstari wa maji ulikuwa sawa kwenye picha ya kwanza. Kufikia ya arobaini ulikuwa umelala upande. Siku hizi nabeba vipande vitatu vya mbao, kimoja chini ya kila mguu, na mfuko wa mchanga naufunga katikati upepo wa kusi ukivuma. Gati la mbao usilitegemee. Mtu mmoja akipita na gunia, lenzi ya 300 inatikisika na picha inaharibika. Zima pia kitulizaji cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono, kamera ikiwa juu ya tripodi, na upige kwa kuchelewesha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise.

Mwanga, rangi na fokasi vyote uvifunge kwa mkono. Mimi napima mwanga kwenye ukuta mweupe kuliko wote, naweka tundu la lenzi kwenye f/8, nafokasi mara moja, halafu sigusi tena. Ukiiachia kamera iamue, itang'arisha picha yenye kivuli na kufifisha yenye ukuta mweupe, na mji utatoka na mistari kama kikoi. Wingu likipita mbele ya jua katikati ya kazi, ngoja lipite.

Kama kuna kitu karibu nawe, nguzo ya gati au tawi la mkandaa, fumba jicho moja, inua kidole gumba na ugeuze kichwa. Utaona kidole kinahama mbele ya nyumba za ng'ambo. Lenzi nayo huona hivyo hivyo isipozungukia pale mwanga unapoingilia, na vipande havikutani vizuri; kuna vichwa vya tripodi vilivyotengenezwa kurekebisha hilo. Mimi sina. Nilisogea hadi mbele yangu pakawa maji matupu.

Na usichelewe. Safari ya kwanza nilirudia picha chache baada ya dakika 40, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na ngazi za gati zilizokuwa ndani ya maji zikawa nje. Safu mbili zifanye ndani ya dakika 10. Ikifika saa nne asubuhi, joto linatetemesha hewa juu ya maji na madirisha yanacheza.

Kwa kushona natumia programu ya Hugin, ambayo ni ya bure. PTGui ni ya kulipia na ina kasi zaidi. Kabla hujaiacha kompyuta ifanye kazi usiku kucha, angalia aina ya faili. JPEG haipokei zaidi ya pikseli 65,535 kwa upande mmoja, na TIFF ya kawaida inaishia GB 4. Mimi nililijua hilo saa tisa usiku, kazi yote ikakataa kuhifadhiwa. Chagua BigTIFF au PSB, zinazopokea faili kubwa zaidi.

Usikatishwe tamaa na kamera ndogo. Januari 2009, Obama alipoapishwa mara ya kwanza, mpiga picha David Bergman alishona picha 220 zikawa ya megapikseli 1,474, na alitumia Canon G10, kamera inayoingia mfukoni.

Nilipoimaliza niliipeleka kwa nahodha aliyenivusha. Aliikuza taratibu, akiwataja watu mmoja mmoja, kisha akasimama kwenye jahazi lililokuwa linapita. "Mwanangu, chombo hiki kina kasoro. Omo yake hailingani na tezi, na foromali imekatika." Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na foromali ni mti unaoshika tanga. Niliinama nikatazama. Jahazi lilikuwa limesogea kati ya picha mbili na programu ilikuwa imeunga mbele na nyuma visivyokutana. Mimi nilikuwa nimeipitia picha ile wiki nzima bila kuliona. Nilirudi kwenye Hugin nikatumia maski, yaani kuiambia programu sehemu gani ya picha isitumike, nikabakiza jahazi la picha moja na kulifuta la pili. Sasa nikiona chombo kinakuja, nasubiri kiingie chote ndani ya fremu, napiga, ndipo nageuza kamera.