Kabla hamjafunga sanduku

Alhamisi nilishuka stoo ya dawa tunazorusha Jonglei, Sudan Kusini, nikamkuta kijana wetu, mwezi wake wa pili kazini, anapanga vichupa vya insulini juu ya pakiti za barafu zilizotoka friza dakika ile ile, zinafuka moshi. Anatabasamu. "Zitafika Jonglei baridi kabisa, dada." Nilimpokonya sanduku kwa ukali ambao hakuuelewa. Haya basi wadogo zangu, naandika mara moja, msinichoshe tena.

1. Majeruhi aulizwe anatumia dawa gani nyumbani. Mtu akishuka uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi vyuma vimetokeza mguuni, sote tunaona risasi tu. Kisukari hakionekani kwenye eksirei, na sukari ikiwa juu kidonda kitawachezesha miezi. Mzee mmoja alilala wodini siku tatu ndipo binti yake akatoa mfuko wa nailoni: maganda matupu ya dawa za presha, zilizomwishia tangu zahanati ya kwao ilipochomwa. Fomu yetu ilisema "magonjwa mengine: hakuna". Hakuna aliyemuuliza, ndiyo maana hayakuwepo.

2. Msindikizaji aingie kwenye manifesti, ile orodha ya abiria wa ndege, siku moja na mgonjwa.

3. Insulini. Mnakariri nyuzi 2 hadi 8 kama wimbo wa chekechea, lakini mnaogopa ile 8 peke yake. Hata mimi niliogopa joto. Mwaka wangu wa pili nilifunga sanduku langu kwa mikono yangu, barafu ngumu kama jiwe, bila hata kadibodi katikati. Kirekodi joto nilikiacha mezani kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi. Ndege ilitua kwa wakati, bosi akanipongeza.

Siku ya nne muuguzi wa kule, kijana aliyesomea Kakuma, akanipigia kwa simu ya setilaiti. "Dada, hii dawa yako imekuwa mala." Ile insulini nyeupe ilikuwa imekatika vipande vinavyoelea. Ile angavu haikuonyesha dalili yoyote, kwa hiyo alikuwa ameshaanza kuichoma. Alikuwa na msichana wa miaka 11 ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa. Alimwongezea dozi, sukari ikapanda. Akaongeza tena. Aliponipigia, mtoto alikuwa anahema kwa kasi, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na mvua ilikuwa imegeuza uwanja wa ndege kuwa tope jeusi. Nilipata nafasi kwenye ndege ya siku ya tisa. Hakuifikia.

Ripoti niliiandika mimi: "Dawa iliharibika safarini kutokana na kuchelewa kwa ndege." Ndege haikuchelewa; barafu yangu ndiyo iliyoigandisha insulini ikaharibika. Ripoti hiyo iko kwenye faili hadi leo, na sahihi yangu chini.

4. Msihesabu makatoni, hesabuni wiki. Aliyepigwa risasi huhitaji njia iwe wazi mara moja. Mgonjwa wa figo huihitaji mara mbili au tatu kila wiki, na vizuizi vya barabarani havijui ratiba ya mashine ya kusafisha damu. Waulizeni Wasudani mnaokutana nao hapa Nairobi kilichowapata wagonjwa wa figo wa Khartoum baada ya Aprili 2023, umeme ulipokatika na vituo vikafungwa. Aliyefia kitandani kwa kukosa kusafishwa damu hawekwi kwenye orodha ya waliouawa vitani. Wafadhili nao, jamani, picha ya mguu uliokatwa inawatoa machozi, ya kidonge cha presha inawatoa miayo. Pigeni hesabu ya miezi mitatu kabla mvua haijaanza, kisha mniletee mtakaponuniwa na idara ya fedha.

5. Kirekodi joto. Kiko kwenye droo ya juu kushoto, na nimenunua betri.

Sanduku la kesho linatoka saa kumi na moja alfajiri. Pakiti zitolewe friza saa kumi, zikae mezani zitoke jasho, na zisifungwe mpaka mtu azitikise asikie maji yanacheza ndani. Kesho nitazitikisa mwenyewe.