Umechimba Kisima? Usiuage Mfereji

Juzi msomaji kaniandikia: "Mfereji wetu hauaminiki. Nimechimba kisima, habari za zamu za maji sasa basi." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa sauti, mbele ya wakulima wenzangu pale kwenye lango la maji.

Msimu ule zamu yangu ilichelewa siku 9, mpunga ukiwa umebeba mimba. Nikavuna mapepe. Kwa hasira nikachimba kisima, nikanunua pampu, na msimu uliofuata sikugusa hata tone la mfereji. Usiku nalala pampu inaunguruma, majaruba yamejaa pomoni, najiona bwana.

Wiki mbili baada ya kupandikiza, ncha za majani zikaanza kukauka. Nikaongeza mbolea, mjinga mimi. Mzee jirani akapita, akachota maji ya kisima kiganjani, akaonja, akatema. Hakusema neno, akaenda zake. Mtemo ule unaniuma hadi leo.

Maji yale yalikuwa na chumvi. Miche michanga haiiwezi, na mpunga unaochanua hauiwezi pia. Katikati hapo hujikaza kidogo. Na mafuta ya pampu je? Sentimita 1 ya maji kwenye hekta 1 ni lita 100,000. Mimi nilikuwa najaza sentimita 10, zinazama, najaza tena. Piga hesabu mwenyewe, yangu sitaki kuikumbuka.

Siku hizi kuchavanga, yaani kuvuruga tope la jaruba, na kupandikiza ni kwa maji ya mfereji tu. Kisima kinangoja. Ndani ya jaruba nimezika bomba lenye matundu, nichungulie maji yako wapi chini ya udongo. Mpunga ukishashika, nangoja maji yashuke sentimita 15 chini ya uso wa udongo ndipo nimwagilie. Zamu ikiwa karibu, navumilia. Ikiwa mbali, nawasha pampu. Ukianza kuchanua siliangalii bomba tena, naweka sentimita 5 za maji juu ya udongo, na kama ya mfereji hayatoshi nayachanganya na ya kisima kidimbwini. Kipimo cha chumvi nakaa nacho mfukoni.

Ndugu zangu, tuache kiburi. Hayo maji ya kisima unayojivunia, mengine ni ya mfereji huohuo, yamezama kutoka mashamba ya wenzako. Wote tukivuta na hakuna anayerudisha, maji yanazidi kushuka chini, na yakifika kama mita 7 au 8 chini ya pampu ya kukaa juu ya ardhi, inaanza kukohoa hewa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, pima maji yako kabla hujajigamba, na jina lako lisitoke kwenye orodha ya zamu. Mimi niliporudi kuomba, nilipewa kwanza kuzibua mfereji, kipande kirefu kuliko cha mtu yeyote, na yule mzee amekaa kivulini anatazama. Nilizibua.