Dhahabu inathaminiwa kwa nini, na je, uweke akiba yote humo?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini dunia inaithamini dhahabu ilhali hailiwi, na kama uhamishie akiba yako yote humo.

Sababu kubwa ni kwamba haiharibiki. Chuma hushika kutu, fedha huingia weusi, lakini kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun, mfalme wa kale wa Misri, kilichofunuliwa kaburini mwake mwaka 1925, kilikuwa bado kinang'aa baada ya miaka zaidi ya 3,000. Tena ni laini ajabu: gramu 1 ikifuliwa vizuri hutanda karibu mita 1 ya mraba. Na ni adimu. Hakuna serikali inayoweza kuichapisha kama noti, ndiyo maana benki kuu zinaihifadhi hata baada ya Marekani kuacha kubadilisha dola kwa dhahabu mwaka 1971.

Ila akiba yote? Hapana, nakusihi. Dhahabu haizai riba wala gawio. Aliyenunua Januari 1980, bei ilipofika dola 850 kwa aunsi (gramu 31 hivi), alingoja hadi 2008 kuiona tena bei hiyo. Weka sehemu ndogo tu, na kabla hujalipa uliza karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu: ya 18 ina dhahabu asilimia 75, iliyobaki ni shaba na metali nyingine.