Umebadili paswedi ya waifai, sawa, na ya rauta je?

Mtu akiniomba nimuangalizie waifai ya nyumbani kwake namuuliza kwanza paswedi ya rauta ni ipi, na karibu kila mtu ananitajia ile ya kuunganishia simu. Jamani hizo ni mbili tofauti! Nyingine ni ya kuingilia kwenye setingi za rauta, unaandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye braoza (angalia stika chini ya rauta yako), na mara nyingi bado ni admin na admin kama ilivyotoka kiwandani. Sasa mtu akishaingia humo anabadili DNS (ndo inayotafsiri jina la tovuti kuwa namba ya kompyuta yake), alafu wewe unaandika anwani ya tovuti sahihi kabisa unapelekwa kwenye tovuti feki. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rauta kibao kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani.

Ukishaibadilisha hiyo paswedi ya rauta usitoke humo, zima na WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au pini bila kuandika paswedi). Hii ndo naiogopa kuliko zote. Ina pini ya tarakimu 8, unaona nyingi, ila mwaka 2011 ikaja kujulikana kwamba rauta inaikagua nusu nusu, nne za mwanzo kivyake, tatu zinazofuata kivyake, na ya mwisho inapatikana kwa hesabu tu, kwa hiyo majaribio yanabaki kama 11,000 na kompyuta inaweza kuyamaliza kwa masaa. Mtu akiipata pini, rauta yenyewe inampa paswedi yako ya waifai, hata uwe umeweka ndefu namna gani.

Kwenye aina ya ulinzi, yaani namna waifai inavyoficha mawasiliano yako, weka WPA3, kama vifaa vyako ni vya zamani basi WPA2 ya AES (njia ya kuficha data). WEP, ile ya zamani, achana nayo kabisa, ilishavunjwa toka 2001.

Paswedi ya WPA2 inaanzia herufi 8 mpaka 63, we unga maneno manne matano yasiyohusiana, sababu mtu anaweza kunasa mawasiliano simu yako ikijiunga akaenda kubahatisha kwake taratibu bila wewe kujua, na hapo urefu ndo unakuokoa. Kuficha jina la waifai hakusaidii, linanaswa hewani vilevile.

Wageni wafungulie mtandao wa wageni, rauta nyingi zinao, na TV na kamera zihamishie huko huko, zikitekwa iwe ngumu kuifikia laptopu yenye mambo yako.